Safari ya Kwenda Kabezi kwa Dada

Ujiji na Kabezi zinanawa maji ya ziwa moja. Zote zipo ufuo wa mashariki wa Tanganyika, na mwenye boti anaweza kuambaa na nchi kavu kuelekea kaskazini mpaka akafika. Mimi nilipanda milima. Sikuwa nimewahi kuvuka mpaka wa nchi yoyote, na nisingeuvuka mwaka ule kama dada yangu asingejifungua mtoto wa tatu ugenini, na kama magoti ya mama yangemruhusu kusafiri. Kwetu mzazi hakai arobaini bila mtu wa kwao wa kumkanda na kumpikia uji wa pilipili manga. Mama hakuweza kwenda, basi nikatumwa mimi, na begi lenye kanga, vinguo vya mtoto, tangawizi, unga wa lishe na dagaa kavu zilizofungwa mara tatu ili zisinuke garini.

Shemeji yangu anasomea uchungaji. Kanisa lake lilimpeleka kusoma theolojia Bujumbura, katika Chuo Kikuu cha Hope Africa, ambacho kilianzishwa na Wamethodisti Huru jijini Nairobi mwaka 2000 kabla ya kuhamia Burundi. Wengi wanaotumwa kusoma huacha wake zao nyumbani. Yeye na dada walikataa kuishi hivyo. Walifunga virago na watoto wawili, na kwa kuwa pango la mjini liliwashinda, wakapanga Kabezi, kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kama kilomita 20 kwenye barabara inayofuata ziwa.

Gari la kutoka Kigoma kwenda Manyovu lilikuwa limejaa wafanyabiashara wanaojuana kwa majina. Tulipanda vilima vya Buhigwe, hewa ikapoa, na mama mmoja mwenye matenga ya nyanya akanieleza mpaka wote kabla sijauona: dirisha la kwanza, dirisha la pili, mahali pa kubadilisha shilingi. Yote yalikwenda kama alivyosema. Mtanzania haombwi viza, na afisa wa upande wa Burundi alinisalimia kwa Kiswahili chenye lafudhi iliyonifanya nimwombe arudie, si kwa sababu sikuelewa, bali kwa sababu nilipenda kuisikia.

Kisha akanionyesha saa ya ukutani. Burundi wako saa moja nyuma yetu. Nilikuwa nimeingia ofisini saa tano, nikatoka nje ikiwa saa nne na dakika chache. Nilisimama juani nikajaribu kulifikiria jambo hilo. Jua ni lile lile na mlima ni ule ule, na mwanamke aliyekuwa akilima ng'ambo ya kibonde alisikika sauti mpaka upande wetu.

Upande wa pili magari hupita kulia. Nilikuwa nimeambiwa, lakini kuambiwa hakumsaidii mtu aliyeketi mbele. Kila lori lilipotujia nilivuta miguu juu. Tulipita Mabanda, vilima vikiwa vimelimwa mpaka kileleni, pasipo hata kishoroba cha nyika. Kwetu Uha kuna mapori kati ya kijiji na kijiji. Huku sikuona mwisho wa shamba la mtu isipokuwa kwa kuona mwanzo wa shamba la mwenzake. Halafu barabara ikaanza kuteremka, ikateremka mno, na nilipoona weupe chini upande wa kushoto nikapiga kelele garini: ziwa! Abiria walicheka wakanipisha dirishani. Nilikuwa nimeliacha ziwa hilo asubuhi, na bado nililifurahia kana kwamba nimekutana na ndugu kwenye stendi ya mji nisioujua.

Kutoka Nyanza-Lac mpaka Rumonge ni michikichi. Sisi wa Kigoma tunajivunia mawese yetu, lakini hapa michikichi imesogea mpaka kwenye vizingiti vya nyumba, na barabarani baiskeli zinapita zikiwa zimefungwa madumu ya njano yenye mafuta, matatu huku na matatu kule, mwendeshaji akiwa katikati. Rumonge yenyewe ilinistarehesha. Kuna misikiti, kuna wanawake wenye kanga, na Kiswahili kinasemwa sokoni bila kutafutwa. Nilikula samaki ambaye wao humwita mukeke, nikamtambua kwa jicho na mkia kabla ya ulimi: mgebuka wetu. Alikuwa ameokwa juu ya mkaa, ndizi za kuchoma pembeni, na bei yake kwa faranga ilinishtua mpaka nilipokumbuka kuigeuza kuwa shilingi.

Hapo Rumonge tulikaa sana. Miaka hii mafuta ya gari yamekuwa adimu Burundi, na dereva wetu alijipanga kwenye foleni ya kituo nyuma ya magari ambayo mengine yalikuwa na madereva waliolala ndani tangu jana. Niliutumia muda kutembea mpaka ufukweni. Ziwa limepanda tangu miaka michache iliyopita, kama lilivyopanda kwetu, na niliona nyumba zilizosimama ndani ya maji, madirisha yamebaki matundu, watoto wakipita sebuleni kwa kuogelea. Ng'ambo ilionekana rasi ya Ubwari ya Kongo, ndefu na yenye ukungu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza kama kwetu Kigoma, pale Kibirizi, nako maji yamepanda. Alikuwa ameuza dagaa pale ujanani. Tulizungumza habari za gati na bei za nyavu mpaka nikaitwa garini.

Baada ya Magara milima inalisukuma gari ziwani. Hakuna tambarare tena. Kuna ukuta wa udongo mwekundu kulia, maji kushoto, na barabara imebanwa katikati. Kipande cha kutoka Rumonge mpaka Gitaza, kilomita 45, kimo kwenye mradi ule ule wa Benki ya Maendeleo ya Afrika uliojumuisha lami yetu ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, kwa hiyo mtu wa Kigoma anasafiri nchi mbili juu ya fedha za benki moja. Kujenga huku ni kazi nzito kuliko kwetu. Mvua ikinyesha, mlima hushuka, na abiria waliokuwa wamechangamka walinyamaza tulipofika Gitaza, wakatazama juu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu aliomba kwa sauti ya chini mpaka tulipopita.

Tulifika Kabezi jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Kigoma jua huzama saa moja jioni au karibu yake. Simu yangu ilisoma saa kumi na mbili, na miili yetu, mimi na begi langu, ilijua ni saa moja. Mpwa wangu mkubwa alikuwa akinisubiri barabarani, amevaa sare ya kaki ya shule, na alinipokea kwa heshima ya huko: alinishika mikono yote miwili juu ya viwiko, akanishikilia muda mrefu, akaniuliza habari za kila mtu. Huyu ndiye mtoto aliyeondoka Ujiji akisalimia kwa kukimbia.

Nyumba yao ni vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, bati juu, kibaraza mbele, mgomba ubavuni. Dada alikuwa amekaa juu ya mkeka, mtoto kifuani. Tulilia kidogo, kama inavyostahili. Halafu nikaangalia huku na huku, nikaona kwamba nyumba hii ina mambo ambayo sikuyaona kwa mwanafunzi yeyote. Ukutani, juu ya meza ya chakula, ilibandikwa karatasi yenye herufi za Kiyunani. Chini yake, kwa mkaa, mtoto wa pili alikuwa ameziiga zote kwa urefu wa kimo chake. Na kando ya mlango zilitundikwa saa mbili, moja ya Burundi na nyingine ya Ujiji. Dada hupiga simu nyumbani kwa kuitazama ile ya pili, ili asimwamshe mama wala asimkute kanisani.

Asubuhi ilianza gizani. Shemeji aliondoka saa kumi na moja ya huko, kwa sababu siku zenye mafuta huenda kwa basi dogo na siku zisizo na mafuta huenda kwa baiskeli. Baiskeli huishia Kanyosha, kusini mwa jiji, kwa rafiki. Machi 2022 baiskeli na pikipiki zilipigwa marufuku kuingia katikati ya Bujumbura, na chuo kipo Kamenge, upande wa pili, kwa hiyo kilichobaki hukitembea au hukipanda kulingana na mfuko. Masomo ni kwa Kifaransa na Kiingereza. Mtu aliyesoma sekondari Kasulu alilazimika kujifunza Kifaransa akiwa na mvi za kwanza, ili aweze kusoma kuhusu Agano Jipya lililoandikwa kwa Kiyunani, kisha arudi kuwahubiria Waha kwa Kiswahili. Nilimtazama akila kiporo cha maharage akiwa amesimama, kitabu kwenye mkono mwingine, nikamheshimu kuliko siku aliyokuja kuposa.

Lakini sikuwa nimekuja kwa ajili yake, na jinsi siku zilivyosogea niliona kazi nyingine ambayo haina cheti. Dada ndiye aliyekuwa akimshikia karatasi usiku ili asome maneno ya Kiyunani kwa kichwa. Anazijua herufi zote na mwisho wa vitenzi kadhaa, na alinitamkia huku akigeuza chapati, bila kusita. Ada hulipiwa, lakini kodi ya nyumba, chakula na nauli ni juu yao. Kwa hiyo kabla ya kujifungua alikuwa akikaa barabarani kila alfajiri na beseni la vitumbua. Kabezi hawakuvizoea. Wiki za kwanza, aliniambia, watu walinunua kimoja wakakigeuzageuza. Siku niliyofika mimi walikuja mpaka mlangoni kuuliza mama wa vitumbua ataanza lini tena. Nikaanza mimi. Nilipika vitumbua Burundi kwa mchele uliolowekwa usiku, nikauza kwa hesabu za faranga alizonifundisha mpwa wangu, ambaye huhesabu kwa Kifaransa akiwa na haraka.

Huyo mpwa anasoma lugha nne shuleni. Kirundi ndicho kinachotawala miaka ya mwanzo, kuna Kifaransa, kuna Kiingereza, na tangu 2007 Kiswahili nacho ni somo la shule ya msingi Burundi. Jioni wenzake walikuwa wakija kibarazani na madaftari ya Kiswahili, na malipo yao yalikuwa maembe. Nilikaa nao. Walitaka kujua ngeli, jambo ambalo mimi nimelitumia maisha yangu yote bila kulieleza, na niliona fahari kumwona mtoto wetu akilieleza kwa mpangilio.

Nilishangazwa na chakula kwa jinsi kilivyokuwa karibu na chetu, kisha kikawa si chetu. Ugali wa muhogo, ndiyo. Kisamvu kilichoungwa kwa mawese ya Rumonge, ndiyo. Lakini ndizi hupikwa na maharage katika sufuria moja, mawese juu, na sahani hiyo ilinifanya niombe nyongeza kabla sijaambiwa karibu. Dagaa nilizobeba kwa tabu nilizikuta sokoni kwa jina la ndagala, zimeanikwa vile vile juu ya mchanga. Dada aliona sura yangu, akafungua furushi la mama, akanusa. "Hizi zina chumvi ya nyumbani, mdogo wangu," akasema, na jioni ile hatukupika kingine.

Siku niliyoifurahia kuliko zote ni siku majirani walipokuja kumwona mtoto. Ujiji mtu huingia na sabuni au sukari, hukaa mkekani, na maongezi yameanza. Hapa walikuja kwa msafara. Wanawake mbele, vikapu kichwani, kreti ya Fanta, dumu la umutobe, yaani maji ya ndizi mbivu ambayo hayajachachuka, na uji wa mtama kwa ajili ya mzazi. Walipangwa kwenye viti vilivyoazimwa nyumba kwa nyumba. Kila mtu alipewa kinywaji. Kisha kukawa kimya, mzee akasimama, akarekebisha koti, akaanza kuhutubu. Alisalimia kila kundi kwa nafasi yake, akaeleza walikotoka ingawa walitoka nyumba ya tatu, akasema sababu ya kuja, akakabidhi vikapu kwa maneno. Shemeji akasimama kujibu. Halafu mtu mwingine akasimama kushukuru kwa lile jibu. Kiha changu kilinibeba, maana Kirundi na Kiha ni lugha za jirani, na nilipoinuliwa niseme neno kwa niaba ya mama yangu, nilisimama nikasema kwa Kiha. Walipiga makofi kwa muda mrefu. Sijawahi kuona mtoto wa siku chache akipokelewa duniani kwa utaratibu kama ule, na nimejiuliza tangu hapo kwa nini sisi tumeacha kusimama tunapopeana vitu.

Aliyekuja na uji ni mshonaji anayeishi nyuma ya mgomba wa dada. Kiswahili chake ni cha Kasulu kabisa. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila mpaka ilipofungwa mwaka 2012, na kambini ndipo alipojifunza cherehani. Yeye ndiye aliyempeleka dada hospitali ya Kabezi uchungu ulipoanza, shemeji akiwa chuoni. Nilimuuliza walilipa kiasi gani, nikiwa na hela ya mama tayari mkononi. Hawakulipa. Tangu Mei 2006 kujifungua katika hospitali za serikali Burundi ni bure, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano vilevile. Kabezi yenyewe ina historia katika jambo hilo: Madaktari Wasio na Mipaka walianza pale mwaka 2006 kuhudumia uzazi wa dharura, magari yao yakiwafuata kina mama kwenye zahanati za milimani mchana na usiku. Mshonaji aliyasema haya kwa kuonyesha kidole juu, akitaja vilima kimoja kimoja na nani alishushwa kutoka wapi. Alimkanda dada pamoja nami. Mikono yake ilijua kazi hiyo kuliko yangu, na mama nimemweleza hivyo.

Jumamosi asubuhi barabara ilinyamaza. Watu wa Kabezi walitoka na majembe na mapanga kwa kazi za pamoja, na shemeji alitoka nao kuzibua mfereji, ingawa ni mgeni na alikuwa na mtihani Jumatatu. Jumapili alitumwa kuhubiri kanisa dogo la jirani, mafunzo kwa vitendo. Alihubiri kwa Kiswahili, kijana akatafsiri kwa Kirundi, na nusu ya waumini walikwisha kuitikia kabla kijana hajafungua mdomo. Kwaya zilikuwa nyingi na hakuna iliyokubali kuimba wimbo mmoja tu. Mwishoni sadaka za shambani zilinadiwa nje, ndizi, kuku, mihogo, na mshonaji alinunua kuku akampa dada.

Kabla ya kuondoka nilikwenda Bujumbura na mpwa wangu, na tukateremka njiani, Mugere, kuliona jiwe. Nimekulia karibu na mnara wa Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, na sikujua kwamba kuna jiwe ndugu huku, kubwa, lenye majina yao na tarehe ya 25 Novemba mwaka ule. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi kuja kuangalia mto Ruzizi, wakakuta unaingia ziwani badala ya kutoka. Wapiga makasia walikuwa watu wa kwetu. Mpwa wangu alilizunguka jiwe akitafuta majina yao, kisha akaniuliza kwa nini hayapo. Nilimwambia walioandika hawakuwauliza. Akasema yeye angeuliza.

Siku ya kurudi dada alinipa orodha mbili: ya kumwambia mama na ya kutomwambia. Ya pili ilikuwa na bati linalovuja na baiskeli za usiku. Nilimwahidi, na sikuitimiza yote, kwa sababu mama aliniuliza moja kwa moja. Shemeji amebakiza mwaka mmoja. Mshonaji naye alinipa furushi, kitambaa cha gauni kwa mwanamke wa soko la Kasulu aliyemfundisha kushona, hawajaonana tangu kambi ifungwe. Kwa hiyo kutoka Manyovu sikushika njia ya Kigoma. Nilikwenda Kasulu, nikauliza kwa washonaji mmoja baada ya mwingine, nikampata kwenye kibanda cha tatu kutoka mwisho. Alikikunjua kitambaa mezani, akakipima kwa mkono, akaniuliza kama mwanafunzi wake bado anakata kola kwa mkasi mkubwa, na kama nitarudi Kabezi hivi karibuni, maana alikuwa na sindano za cherehani ambazo alijua huko hazipatikani.